Mwongozo kamili: Maabara inanuka solventi? Anza na dumu la taka kabla hujanunua feni nyingine

Swali hili nimelijibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika lote mara moja. Huwa linakuja hivi: maabara yetu inanuka asetoni, tumeongeza feni, bado inanuka, tufanyeje? Na kila nikienda kuangalia nakuta kitu kilekile. Chini ya sinki kuna dumu la taka, mdomo wazi, funeli imesimama ndani yake tangu Jumatatu. Sasa hapo feni ina kosa gani?

Mwongozo huu ni wa maabara za kawaida za hapa Dar, za sekondari, vyuo na zile ndogo za viwandani za kupima ubora, ambazo kwa wiki zinatoa lita chache tu za taka. Solventi, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu, ninazozungumzia ni asetoni, ethanoli, methanoli, heksani, tolueni, ethili asetati, etha, klorofomu na dikloromethani. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye feni, utarudi na swali lilelile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Madumu ya lita 5 ya plastiki ngumu, yenye alama ya pembetatu na namba 2 kwenye kitako. Yasiwe ya njano, sababu nitaisema.
- Chupa nene za kahawia za lita 2.5 zilizokuja na solventi, pamoja na vifuniko vyake vyenyewe.
- Funeli mbili au tatu, moja kwa kila aina ya taka.
- Mabeseni ya plastiki yenye kina, ya kukalishia madumu na chupa.
- Karatasi za lebo, maka peni isiyofutika, na selotepu pana ya kufunika lebo.
- Miwani ya kinga inayoziba pembeni, koti la pamba, glavu za naitraili.
- Ndoo ya mchanga mkavu, koleo la plastiki, na mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu au kaboni dayoksaidi.
- Tishu na uzi. Ndiyo, tishu.

Karibu vyote utapata Kariakoo kwa asubuhi moja, ila chupa za kahawia usinunue, unazo tayari, mnazitupa kila mwezi.

Dumu la njano nalikataa kwa sababu mji huu kila mtu anajua ni la maji. Mlinzi akilikuta nje ya mlango, mama wa usafi akilikuta kwenye korido, wa kwanza atalinawia na wa pili atapigia deki. Chukua jeupe au la bluu, lipige mkanda mwekundu wa rangi kiunoni, na jengo zima liambiwe mkanda ule maana yake nini.

Halafu glavu na barakoa, maana hapa watu wanajidanganya sana. Asetoni na dikloromethani zinapenya glavu ya naitraili ndani ya dakika chache, kwa hiyo hiyo glavu ni ya kukinga matone tu, ikilowa vua, nawa, vaa nyingine. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo, inazuia vumbi na mate. Ukiona lazima uvae barakoa ndo uweze kukaa maabara, jua kuna kitu kiko wazi mahali, kitafute.

## Hatua ya 1: Toa funeli, funga dumu

Fanya leo, kabla hujamaliza kusoma.

Sababu ni hesabu ndogo. Lita moja ya asetoni ikigeuka mvuke yote inatoa kama lita 330 za mvuke, na mvuke wa asetoni unaanza kuwa wa kuwaka ukifika asilimia 2.5 ya hewa. Chukua stoo ya mita 2 kwa mita 2.5 yenye dari la mita 2.7, yaani kile chumba kidogo ambacho kila maabara inacho. Lita moja tu ikikaukia humo mlango umefungwa, hewa ya chumba kizima inafika kwenye kiwango cha kushika moto kwa cheche ya swichi. Lita moja! Na wewe una dumu la tano liko wazi.

Sasa ongeza joto letu. Asetoni inachemka nyuzi 56 lakini mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Etha inachemka nyuzi 34.6, na mchana wa Februari, chumba cha chini ya bati, hapo si bado kidogo tu ichemke yenyewe mezani?

Onyo: kuacha taka wazi ndani ya fyumu chemba (ile kabati ya kioo inayovuta mvuke kuupeleka nje) ili "ikauke yenyewe" siyo kutupa taka, ni kuihamishia kwa jirani kupitia bomba la juu. Hilo nalo liishe leo.

Utajua umefaulu hivi: funga madumu yote Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi uwe wa kwanza kufungua mlango. Kama harufu imepungua sana, umeshajua ilikuwa inatoka wapi, na hujatumia hata shilingi. Kama bado kali, kuna chupa yenye kifuniko kilichopasuka au sinki lililomiminiwa, kavitafute.

## Hatua ya 2: Tenganisha taka, na ujue zipi hazikutani kabisa

Hapa ndo watu wanaumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chombo cha kwanza, dumu: asetoni, ethanoli, methanoli, ethili asetati. Hizi zinakaa pamoja vizuri kwenye plastiki namba 2.

Chombo cha pili, chupa ya kahawia: zenye klorini, yaani klorofomu na dikloromethani. Peke yake. Zinalegeza plastiki zikikaa, na zikichomwa zinatoa gesi yenye asidi, kwa hiyo anayekuja kuchukua taka anazishughulikia tofauti na pengine kwa bei kubwa zaidi. Ukichanganya nusu kikombe cha klorofomu kwenye dumu la kwanza, dumu zima limekuwa la klorini. Na klorofomu ikikutana na asetoni palipo na alkali kama sodiamu haidroksaidi, mchanganyiko unapanda joto wenyewe na unaweza kulipuka.

Chombo cha tatu, chupa ya kahawia tena: heksani na tolueni, nazo zinavimbisha plastiki taratibu. Etha nayo chupa yake ndogo peke yake.

Ambavyo haviingii kwenye chombo chochote cha hivyo, hata tone:

- asidi ya naitriki, au asidi yoyote kali
- haidrojeni peroksaidi, maana ikiwa na asetoni na asidi inatengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu
- jiki, ambayo ikikutana na asetoni inapata joto na kutoa klorofomu
- pamanganeti na vioksidishaji vingine, yaani kemikali zinazochochea kuungua

Hii ya naitriki naijua kwa macho yangu. Maabara moja niliyowahi kufanya kazi, mchana, kijana mmoja akanijia taratibu kabisa, hana hata wasiwasi, akasema, "Mwalimu, dumu linapumua." Nikadhani utani. Nikaenda kuangalia, dumu la taka za ethanoli liko ndani ya fyumu chemba, ubavu umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, unapanda, unashuka, halafu kifuniko kinalia tsii, na pembeni yake kuna moshi mwepesi wa rangi ya kahawia. Mwenzake alikuwa amemwaga humo masalia ya asidi ya naitriki kama robo saa iliyopita, akafunga kifuniko vizuri kabisa kama alivyofundishwa. Mkono wangu ulishaenda kwenye kifuniko nikalegeze, nikaurudisha. Nikashusha kioo cha chemba, nikatoa watu wote, tukafunga mlango. Baada ya dakika chache tukasikia pa! Kifuniko kikaruka, chemba ikajaa moshi wa kahawia, feni ikauvuta. Kile kioo ndo kilikuwa kati yetu na hospitali.

Cha kujifunza pale siyo kwamba kijana alikuwa mjinga. Naitriki na ethanoli huwa hazigombani papo hapo, zinaweza kukaa kimya dakika kadhaa halafu zikaamka, kwa hiyo mtu anamwaga, anaona salama, anafunga, anaondoka. Dumu likivimba au likiwa la moto usiliguse, usilifungue, toka na watu wako.

Utajua umefaulu: mwanafunzi yeyote ukimshika bega ukamuuliza "klorofomu inaenda wapi" anakuonyesha kwa kidole bila kufikiri.

## Hatua ya 3: Lebo

Jina kamili, siyo fomula wala vifupisho vyenu vya ndani. Andika kilichomo na makadirio ya kiasi, tarehe ya tone la kwanza, neno TAKA kwa herufi kubwa, na INAWAKA au SUMU. Funika kwa selotepu pana maana asetoni inafuta wino kwa sekunde moja, kuna lebo nyingi nimeziona zimebaki karatasi nyeupe.

Lebo inabandikwa kabla ya tone la kwanza. Dumu ambalo halijulikani lina nini ni gharama kubwa kuliondoa kuliko kumi yanayojulikana, maana lazima lipimwe kwanza.

## Hatua ya 4: Jua hewa yako inaenda wapi

Sasa ndo tumefika kwenye hewa. Funga uzi kwenye kipande chembamba cha tishu, tembea nacho chumba kizima, mlangoni, madirishani, mezani, chini karibu na sakafu. Tishu inapoelekea ndo hewa inapoelekea. Chora mishale kwenye karatasi. Usitumie udi wala ubani, najua umeshafikiria, hatuwashi kitu.

Mambo matatu yatakushangaza.

La kwanza ni kiyoyozi. Kile cha ukutani cha kawaida hakileti hewa mpya hata kidogo, kinavuta hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha. Maabara nyingi mjini hapa zinafunga madirisha yote sababu ya joto, zinawasha kiyoyozi, halafu watu wanasema hewa ni nzuri. Ni baridi tu. Mvuke uko palepale, na kichwa kinauma saa nane mchana wanadhani ni njaa.

La pili ni pangaboi. Halitoi kitu nje, linakoroga. Baya zaidi, likizunguka karibu na fyumu chemba linavuruga hewa ya mdomoni mwake na mvuke unatoka kukufuata usoni. Mnapotumia chemba, zima pangaboi.

La tatu ni msimu. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia kama Aprili au Mei mpaka Oktoba. Dirisha lililokuwa linatoa hewa wakati wa kaskazi linaweza kuwa ndilo linaloingiza wakati wa kusi, na feni ya ukutani inayotoa hewa upande wa kusi inaanza kushindana na upepo. Kwa hiyo zoezi la tishu ni mara mbili kwa mwaka. Niliwahi kuona maabara imebadilisha mota ya feni nzima kumbe upepo ndo umegeuka.

Unachotaka ni hiki: hewa safi iingie upande wa mlango, ipite mgongoni kwa wafanyakazi, itokee upande wa kazi. Na kwa kuwa mvuke wa solventi zote hizi ni mzito kuliko hewa, wa asetoni kama mara 2, wa heksani kama mara 3, kwenye stoo weka tundu la kutolea hewa chini karibu na sakafu, na la kuingizia juu upande wa pili. Feni ya juu peke yake inavuta joto, solventi iliyomwagika inatambaa sakafuni.

Onyo: feni ya kawaida ya dukani mota au swichi yake inaweza kutoa cheche. Usiiweke pale mvuke unapopita. Mwambie fundi umeme unataka ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mvuke unaowaka, na kama hela haipo, bora matundu mawili mazuri ya ukutani kuliko feni ya cheche.

Utajua umefaulu: tishu inaelekea upande mmoja ule ule popote unaposimama kwenye njia ya hewa, na anayekaa meza ya mwisho haondoki na maumivu ya kichwa.

## Hatua ya 5: Fyumu chemba, kama unayo

Ile kabati yenye kioo cha kupanda na kushuka. Kwanza itoe kila kitu kilichogeuzwa stoo humo ndani, chupa za mwaka juzi, maboksi, birika la chai (nimeliona). Vitu vikiziba tundu la nyuma hewa inarudi mbele.

Bandika kipande cha tishu chini ya ukingo wa kioo. Feni ikiwashwa kinatakiwa kilale kuelekea ndani muda wote. Kikitikisika huku na huku au kikija kwako, acha kazi. Hiyo inakuonyesha mwelekeo tu, kasi inapimwa kwa kifaa chake, na kawaida inayotafutwa mdomoni ni kama mita 0.5 kwa sekunde. Azima kifaa hata mara moja kwa mwaka.

Kazi zote fanya sentimita 15 ndani ya ukingo, kioo kiwe chini kadiri mikono inavyoruhusu, na usiingize kichwa chako kuchungulia ndani. Kichwa kikiingia, chemba haina maana.

Haivuti? Panda juu ya paa kabla hujaita mtu. Mara nyingi ni mkanda wa feni umekatika, au kunguru wamejenga kwenye mdomo wa bomba, na kunguru wa Dar wanajenga kwa waya na henga za nguo, siyo majani. Na kama juzi fundi umeme aligusa waya za feni, angalia isije ikawa inazunguka kinyume.

## Hatua ya 6: Kumimina

Ndani ya chemba, dumu likiwa kwenye beseni. Vaa miwani. Soma lebo kwa sauti, ndiyo kwa sauti, inasaidia. Weka funeli, mimina taratibu, hasa heksani na tolueni ambazo zikimiminwa kwa kasi zinajenga umeme tuli. Subiri dakika chache uone kama kuna mapovu au joto. Kimya? Toa funeli, funga.

Usijaze kupita robo tatu. Vitabu vingi vinaruhusu zaidi kidogo, ila kwa joto hili mimi nabaki hapo, kimiminika kinatanuka na mvuke unahitaji nafasi. Asubuhi, kabla kazi haijaanza, legeza kila kifuniko polepole ndani ya chemba kitoe presha, kisha kaza tena.

Maji ya kusuuza chombo mara ya kwanza nayo ni taka, yanaingia dumuni. Siyo sinki. Kikilowa na solventi isiyochanganyika na maji, suuza kwa asetoni kidogo.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi

Kabati la chuma, kivulini, mbali na mlango wa kutokea na mbali na asidi. Kila aina beseni lake, na beseni liweze kubeba chombo kizima kikipasuka. Chini ya ngazi hapana.

Etha usiiweke kwenye friji ya nyumbani. Ndani ya friji hiyo kuna swichi ya joto na taa, zinatoa cheche, na mvuke umefungiwa nazo. Friji zimelipuka hivyo nchi nyingi. Pia etha ikikaa imefunguliwa inatengeneza peroksaidi zinazolipuka, kwa hiyo andika tarehe ya kufungua na isipite miezi 6. Ukikuta chupa kuukuu ina chembechembe nyeupe shingoni, usiizungushe kifuniko, usiihamishe, funga chumba uite wataalamu.

## Hatua ya 8: Kuiondoa

Sinki hapana. Majengo mengi mjini yana chemba za maji taka uani, mvuke unakusanyika humo, na siku ya kunyonya anakuja kijana na gari la maji taka anafungua mfuniko sigara mdomoni. Kisichobaki kwenye chemba kinaishia kwenye mitaro na Mto Msimbazi. Kuchoma nyuma ya jengo pia hapana.

Taka hizi zinatakiwa kuchukuliwa na mwenye kibali cha taka hatarishi. Mazingira yako chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kemikali zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya kemikali ya 2003. Waulize hao orodha ya wenye vibali, mwombe anayekuja akuonyeshe kibali chenyewe, siyo picha kwenye simu, na ubaki na karatasi ya makabidhiano yenye kiasi na aina. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, akija, hiyo ndo karatasi atakayoitaka.

Ukiwa na lita 3 kwa mwezi gari haliji kwako peke yako. Ongeeni maabara mbili tatu za jirani, kila mmoja na madumu yake na lebo zake, mchukuliwe siku moja.

## Umeme ukikatika, au ikimwagika

Umeme ukikatika: zima kazi, funga vyombo vyote, shusha kioo, fungua madirisha, tokeni. Jenereta ikiwaka usidhani feni imewaka nayo, nyingi zinataka kuwashwa upya kwa mkono. Angalia tishu yako.

Ikimwagika kidogo: usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima, fungua madirisha, mwaga mchanga kuanzia pembeni kuja katikati, zoa kwa koleo la plastiki, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, hiyo nayo ni taka. Vumbi la mbao usitumie. Ikimwagika zaidi ya lita moja, au ni stoo, toa watu. Moto ukikushinda mtungi mmoja, piga 114, ni Zimamoto.

## Dumu likiisha

Mchukuaji akikurudishia dumu tupu, usilitupe zima. Hata ukilisuuza mara tatu, plastiki imeshanyonya. Mji wenye mgao wa maji, dumu zima lenye kifuniko halikai jalalani hata nusu saa. Litoboe kitako, kata shingo, chana lebo, ndo ulitoe.